Skuta ya Chepkwony kwenye Mlima wa Dundori

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa chupa ya barafu, ovaroli iliyonizidi urefu, na baiskeli nyeusi ya idara iliyokuwa na breki moja tu. Kazi yenyewe ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija, yaani kuwatia mbegu ya fahali bila fahali mwenyewe kuwepo. Siku hizi mkulima akimwona mtu wa mbegu anaingia bomani na pikipiki yake hashtuki. Lakini mwishoni mwa miaka ya sitini, pale Nakuru, watu walikuwa wamezoea fahali wa miguu minne, na kijana aliyedai kwamba fahali wake yumo ndani ya chupa alitazamwa kama mchawi aliyeajiriwa na serikali. Watoto wa Lanet walitupachika jina siku hiyo hiyo. Wakituona wanapiga kelele, "Ndume ya baskeli! Ndume ya baskeli!"

Nasema "walitupachika" kwa sababu tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Chepkwony, kijana wa Rongai, na tuliandikwa kazi asubuhi moja, kwenye benchi moja, tukiwa na elimu sawa na umri unaokaribiana. Mimi nilikuja na viatu vya kaka yangu. Yeye alikuja na vyake, vimepigwa rangi mpaka unaweza kunyolea ndevu humo. Kwa hiyo msije mkafikiri wivu wangu juu ya mtu huyu ulianza na skuta. Ulianza pale benchini, kabla hatujaulizana majina.

Mkuu wetu wa kwanza alikuwa Afisa Mifugo wa Wilaya, Mzungu aliyekuwa tayari amefunga masanduku yake akingoja kurudi kwao. Kiswahili chake kilikuwa kile cha shambani, lakini kazi aliijua. "Wewe kwenda pole pole," alikuwa akituambia, mkono wake ukiwa umezama ndani ya ng'ombe mpaka kwapani. "Kama ng'ombe hapana taka, wewe hapana lazimisha. Yeye mama ya watu." Alipoondoka, kiti chake kilikaliwa na Mwafrika, mtu wa Machakos, mfupi, wa kaki iliyopigwa pasi hata Jumamosi. Huyu hakuwahi kupaza sauti. Akikasirika alikuwa anavua miwani na kuifuta, na ofisi nzima inanyamaza.

Niwaeleze kazi ilivyokuwa, maana mengine hamtayaelewa bila hilo. Kila asubuhi tulijaza chupa zetu pale ofisini kutoka chombo kimoja, mbegu ya fahali mmoja, tukaingia barabarani. Kando ya barabara, kila baada ya mashamba kadhaa, palikuwa na krashi, yaani kizimba chembamba cha mbao cha kumbana ng'ombe asirushe mateke. Mkulima mwenye ng'ombe aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, alimleta hapo na kutungoja. Ukimkosa ng'ombe siku hiyo, basi. Joto hupoa, na halirudi mpaka wiki tatu zipite. Wiki tatu hizo ni maziwa ambayo hayatakuja, na mkulima hasahau.

Barabara zetu zilikuwa mbili. Moja ilikwenda Lanet na kuendelea tambarare, baiskeli ikijiendea yenyewe. Nyingine ilipanda Dundori, kwenye baridi na viazi, ambako mashamba ya walowezi yalikuwa yamegawiwa wananchi na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, walikuwa wengi. Ili pasiwe na manung'uniko tulipokezana: wiki hii mimi mlimani na Chepkwony tambarare, wiki ijayo kinyume chake. Ule mlima wa Dundori ulitufunza adabu sote. Baiskeli unaisukuma zaidi ya kuipanda, na ukifika krashi ya kwanza mikono inatetemeka hata huwezi kushika mrija. Ilibidi usimame kwanza, upumue, uombe chai.

Basi siku moja mkuu wetu wa kaki alituita ofisini akatupa habari mbili. Ya kwanza, idara haitanunua baiskeli tena. Kila mtu ajichagulie chombo chake cha kumfikisha kazini, ofisi imsaidie kukinunua na kumkata mshahara kidogo kidogo. "Mtu anunue kinachomfaa kazini," alisema, "si cha kumpeleka kanisani akaonekane."

Habari ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Wilaya ingepata msimamizi wa mbegu, mtu mwenye meza, karani, na landrova yenye dereva. Angechaguliwa mmoja wetu mwaka ufuatao, kwa kutazama nani amepandisha ng'ombe wengi na wangapi wameshika mimba. Nilimtazama Chepkwony. Alikuwa anachungulia dirishani, anatazama lori la maziwa likipita. Nikasema moyoni, huyu anajifanya hajasikia. Kuanzia saa hiyo meza ile niliihesabu kuwa yangu, na kila alichokifanya Chepkwony nilikiona kama mkono unaoninyang'anya.

Tulikwenda pamoja kwa Harbans, fundi Kalasinga aliyekuwa akiuza na kutengeneza vyombo vya magurudumu mawili pale mjini. Duka lake lilinuka mpira na grisi. Aliviweka vitatu mbele yetu akatueleza bila kumpendelea yeyote. Baiskeli mpya ya gia tatu haili mafuta, haihitaji leseni, na kwenye tope unaibeba begani. Mopedi ni baiskeli iliyofungwa injini ndogo, ina pedali zake, inakunywa mafuta kidogo kama ndege, lakini kwenye mlima lazima uisaidie kwa miguu. Skuta ina nguvu, ina ngao ya kukukinga upepo, na ina sakafu kati ya miguu ambapo chupa inakaa wima bila kutikisika. Ubaya wake ni magurudumu madogo, ambayo hayapatani na tope, tena ina kiu.

"Wewe Muchiri," Harbans aliniambia, maana aliyaona macho yangu yalipokuwa, "sikia mimi. Nunua kufuata mlima. Hapana nunua kufuata jirani."

Nyumbani mke wangu alisema neno lile lile kwa njia yake. "Baba Njeri, hiyo baskeli imekukosea nini? Tuko na watoto watatu. Skuta itakunywa maziwa yao."

Alikuwa na haki. Skuta ingetukausha. Chepkwony alikuwa bado hajaoa, hana karo, hana mkwe, na jioni yake ilikuwa ugali na mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, kutoka kwa mama yake. Akainunua skuta, ya buluu, yenye gurudumu la akiba mgongoni na kiti kinachomeremeta. Mimi sikuweza kuifikia, na kubaki na baiskeli wakati yeye anapaa nisingekubali hata kwa bunduki. Nikanunua mopedi. Wengine huchagua chombo kwa mfuko, wengine kwa barabara. Mimi nilichagua kwa roho iliyokuwa inaniuma, na chombo kinachochaguliwa hivyo hakikosi kukuaibisha.

Ile mopedi ilikuwa nzuri Lanet. Huko ilikuwa inavuma kama nyuki na kuku wanatawanyika. Shida ilikuwa Dundori. Tukifika mahali mlima unapoinuka, injini inaanza kukohoa, nami naanza kupiga pedali, magoti yakinigonga kidevuni, ovaroli imelowa jasho, moshi mweupe nyuma. Akina mama waliokuwa wakipanda na mizigo ya kuni walikuwa wananipita huku wakinipa pole. Mmoja aliniuliza kwa huruma kabisa, "Daktari, si ungeacha hiyo kitu chini uchukue hapo ukirudi?"

Halafu ni Jumatatu ya wiki inayofuata, zamu ya Chepkwony mlimani, nami naondoka ofisini kuelekea Lanet. Anawasha skuta yake kwa teke moja. Anainua vidole viwili kunisalimia. "Haya ndugu yangu, tuonane jioni," anasema, na skuta inaondoka naye kama kiti cha chifu kilichoota magurudumu. Wale watoto walikwisha kumtenga. Yeye alikuwa "Ndume ya skuta", mimi nilibaki "Ndume ya baskeli", ingawa nilikuwa na injini. Jambo hilo liliniuma kuliko mlima.

Haukupita muda nikagundua kwamba ng'ombe wa Dundori wananikwepa. Nafika krashi, nakuta mkulima mmoja mwenye ng'ombe mmoja, pengine hakuna mtu kabisa. Wiki ya Chepkwony anarudi ameishiwa mbegu. Nilianza kupiga honi kuanzia chini ya mlima ili wajue nimekuja. Bado krashi zilikuwa tupu.

Siku moja nilisimama kwa Mama Gathoni, mjane aliyekuwa na shamba safi na ng'ombe wawili wa gredi. Alikuwa kwenye lango, kandambili za mpira miguuni, amekunja mikono.

"Leo hakuna ng'ombe, daktari."

Kabla hajamaliza, ng'ombe akalia nyuma ya mahindi, kilio kile kirefu ambacho mtu wa kazi yangu hawezi kukikosea. Ng'ombe yule alikuwa anataka dume, tena alikuwa tayari kabisa.

"Mama, na huyo?"

"Huyo ana kikohozi."

"Mama Gathoni, mimi nimefanya hii kazi. Huyo ako kwa joto. Ukimwacha leo utangoja wiki tatu."

"Nitangoja," alisema. "Wiki tatu si ni zamu ya Chepkwony?"

Nilihesabu kwa vidole pale pale. Kweli. Kwa vile tulipokezana wiki kwa wiki, ng'ombe aliyeachwa katika zamu yangu joto lake lilirudi zamu ya Chepkwony, kila mara, bila kukosea. Wakulima walikuwa wameligundua hilo kabla yangu, na walikuwa wanakubali kupoteza maziwa ya wiki tatu ili wamkwepe Muchiri. Nilimweleza yule mama kwamba mbegu ni moja, inatoka chombo kimoja, fahali mmoja. Akanisikiliza kwa upole, kisha akaniita nikaone ndama. Alikuwa ndama jike, mweusi na mweupe, miguu imenyooka.

"Huyu ni wa mkono wake. Ametuambia tumwite Chebet, jina la mama yake."

"Na wale wa mkono wangu?"

Mama Gathoni alifikiri. "Wako. Wanakula vizuri."

Wanakula vizuri! Hakuna hata mmoja aliyepewa jina la shangazi yangu. Nilishuka mlima ule na mopedi imezimwa, nikiachia breki, kifua kimenijaa nyongo. Nikajiambia hawa watu wamepumbazwa na buluu ya ile skuta. Ile habari ya mkono niliiona kisingizio tu. Mtu anayefika akiwa amekaa wima, kavu, anapumua vizuri, huonekana daktari. Anayefika ametoa ulimi huonekana mgonjwa. Dawa ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na gurudumu la akiba mgongoni.

Ndipo mkuu wetu aliponiita. Alikuwa amevua miwani.

"Muchiri, kwa nini wiki yako Dundori haina ng'ombe?"

"Bwana Mkubwa, wanangoja skuta. Si kazi yangu mbaya, ni chombo changu. Tubadilishane vyombo, mimi na Chepkwony, halafu utazame."

Aliivaa miwani. "Chepkwony akikubali, mimi sina neno."

Nilitamani akatae, ili nipate cha kumlaumu. Hakukataa. Alinipa ufunguo huku akitafuna muwa. "Chukua tu, ndugu yangu. Ila gia ya pili huwa inakwama, uisukume kidogo kwa kiganja. Na mopedi yako nayo haina matata?" Nikamwambia haina. Alipanda mopedi yangu akaenda zake Lanet, magoti nje, anaimba.

Niwaambie, vijana, nilipoipanda skuta ile kwenda Dundori nilikuwa mtu mwingine. Mlima ulipoinuka niliiongezea skuta mafuta, mlima ukanilalia chini. Chupa ilikuwa imetulia kati ya miguu yangu. Upepo wa asubuhi uligonga ile ngao ukapita pembeni. Nilikuwa nimevaa koti la mvua na kofia, mpaka juu ya macho, na kwa mara ya kwanza nikasikia watoto wakiniitia jina ambalo nilikuwa nikilimezea mate: "Ndume ya skuta!"

Na ng'ombe walikuja! Sijawahi kuona. Wakulima waliusikia mlio kutoka bondeni wakaanza kuwatoa, huyu kwa kamba, yule kwa fimbo, mzee mmoja anakimbia na ng'ombe wawili. Nilipofika krashi ya Mama Gathoni palikuwa na msururu. Nikaegesha, nikavua kofia.

Waliokuwa mbele wakarudi hatua moja, na ng'ombe wao.

"Kumbe ni wewe," alisema Mama Gathoni.

"Ni mimi. Na skuta ni ile ile."

"Tunaona skuta. Mwenyewe ako wapi? Ni mgonjwa?"

"Yuko Lanet, mzima. Haya, leta wa kwanza."

Hakuna aliyeleta wa kwanza. Yule mzee mwenye ng'ombe wawili alijikuna kichwa, akakohoa, akasema amekumbuka ana wageni nyumbani. Mwingine akasema wake bado hajawa tayari, na huku ng'ombe mwenyewe amesimama anampanda mwenzake mbele ya macho yetu. Mmoja mmoja waligeuza ng'ombe wao. Nilibaki na skuta ya buluu katikati ya barabara.

"Mama," nilimwambia Mama Gathoni, "niambie ukweli. Ni nini anawafanyia?"

Alinionea huruma, jambo ambalo sijamsamehe. "Hakuna kitu, daktari. Yeye akimaliza huosha mkono, anakaa. Anauliza yule wa juzi ameamkaje. Ndama akizaliwa anapita kumwona, hata kama si siku yake. Wewe unapiga honi. Si unajua watu husema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Jioni ile ofisini Chepkwony alinirudishia mopedi yangu, ameifuta vumbi, na kunifahamisha kwamba Lanet walikuwa wengi kuliko kawaida. Kwenye mopedi yangu! Ningemkuta na skuta ya dhahabu ningepumua, kwa sababu skuta ya dhahabu mtu anaweza kuitafuta. Baada ya siku ile sikuwa na kitu cha kununua.

Mnaonisoma mtataka kujua kama nilijifunza kukaa na wakulima baada ya kazi. Nilijaribu. Nilikaa kwa Mama Gathoni nikanywa chai, nikauliza habari za ng'ombe, na sote wawili tukawa tunatazama mlango tukingoja niondoke. Mambo hayo hayafundishwi kwenye kozi.

Basi mwaka ukaisha, na kilichotokea kilinishangaza mimi kuliko mtu yeyote. Mkuu wa kaki aliniita akaniambia, "Muchiri, hongera. Wewe ndiye msimamizi." Sikuuliza kwa nini. Mtu mwenye njaa haulizi nani kapika. Nilijiambia kwamba mkuu amepima mambo kwa kichwa, ameona nidhamu, ameona mwandiko. Niliiuza mopedi kwa Harbans wiki hiyo hiyo. Landrova ilikuwa na dereva, na mara ya kwanza tulipopanda Dundori nilimwambia aendeshe taratibu, ili tumpite Chepkwony vizuri. Tulimpita. Akainua vidole viwili kama kawaida yake, akacheka kwa furaha, furaha kabisa, na ule mlo wangu ukaingia mchanga.

Nilifanya usimamizi miaka mingi. Nilihamishwa Naivasha, nikakaa nyumba ya mtaa wa Kihoto, kando ya ziwa, na ziwa lilikuwa likiingia uani bila kubisha hodi. Nikahamishwa Gilgil, nikawa na wapandishaji sita chini yangu, na nyama choma ya Kikopey, kando ya barabara kuu, kila mwisho wa mwezi. Barafu ikaacha kutumika, mitungi ya gesi baridi ikaja, nami nikafundisha wengine kuitumia. Nilikuwa msimamizi mzuri, na sisemi hivyo kujisifu, faili zipo. Nilistaafu kwa heshima, nikapewa saa ya ukutani. Kila nilipokutana na mtu wa Dundori, mjini au sokoni, alinisalimia vizuri, kisha akauliza, "Na Chepkwony, mnaonana?"

Chepkwony alistaafu akiwa mpandishaji tu, cheo kile kile tulichopewa benchini. Akarudi kwao Rongai, akafuga. Mwaka juzi nikapata habari kwamba amefariki.

Nilikwenda kumzika kwa sababu ilinibidi, na kwa sababu nilitaka kuona watu wangapi watakuja. Malori mawili yalikuwa yametoka Dundori. Wazee waliovaa makoti mazito kwenye jua la Rongai, akina mama na vitambaa vyao, vijana ambao hata hawakuwahi kumwona na mrija mkononi. Waliketi kwa nyasi pamoja na Wakalenjin wa hapo kwao wakimlilia mtu mmoja. Yule mkuu wetu wa kaki naye alikuja, mzee sana sasa, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Walimpa nafasi aseme, akaanza kwa sauti ile ile ya chini, tukainama kumsikia.

"Huyu mtu nilimpa cheo," alisema. "Nilimwita kwanza yeye. Meza, karani, landrova. Akaniambia, 'Bwana Mkubwa, mimi huko ndani nitakufa. Mpe Muchiri. Muchiri anakitaka sana, na ana watoto.' Nikamwambia Muchiri hana ng'ombe Dundori. Akaniambia, 'Ng'ombe nitamshikia mimi, yeye ashike ofisi.' Nikafanya hivyo. Na Muchiri yule pale, amekuja."

Watu walicheka, kicheko kizuri cha msibani, wakanigeukia wote. Mjane wa Chepkwony alisimama akaja mpaka nilipoketi, akanishika mikono miwili, akasema, "Alikuwa anakupenda sana, mzee. Kila siku Muchiri, Muchiri." Nikamwambia asante. Nikainamisha kichwa, na wote wakadhani ni majonzi.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nikishindana na mtu ambaye hakuwa akishindana, nikashinda kwa sababu alinipa. Mtu mwingine angeshukuru pale. Mimi nililitazama lile jeneza, na yale malori mawili, na wale akina mama wa Dundori, nikamwonea wivu kama sijawahi kumwonea akiwa hai.